Jioni za kujuana Lubumbashi hazifiki Kambove

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, maonyesho ya DRC Mining Week huwaleta Lubumbashi wakuu wa kampuni za madini, mabenki na wanasheria. Kwa kijana aliyemaliza masomo Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hizo ni siku za kutoa kadi na kujulikana jina. Wageni wakiondoka, shughuli huendelea kwa umbo dogo: jioni za hotelini ambako wahasibu, wahandisi na wenye biashara changa hubadilishana namba za simu.

Ni rahisi kuzicheka jioni hizo, pamoja na suti zake na picha zake. Lakini hazikuzuka bure. Wazee wa Katanga hawakuhitaji kutafuta watu wa kuwajua. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilitoa kazi, nyumba, shule, hospitali na hata unga. Mpango wa kuondoka kazini kwa hiari ulioanza mwaka 2003 uliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000, na maisha hayo hayakurudi. Sasa kampuni ni nyingi, nyingine za kigeni, na mlango wa kila moja una mlinzi wake.

Halafu kuna sheria ya Februari 8, 2017 kuhusu sous-traitance. Inataka kazi ambazo kampuni kubwa hazifanyi zenyewe, kama usafirishaji, chakula cha wafanyakazi au ukarabati wa mashine, zipewe kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo. Kwa vijana hii ni nafasi kubwa. Tatizo ni kwamba habari ya kandarasi mara nyingi hupita mdomoni kabla ya kufika kwenye karatasi. Aliyekaa meza moja na mtu wa idara ya manunuzi huanza kutayarisha hati zake mapema. Aliye mbali husikia kazi ikiwa imeshapata mwenyewe.

Na Kambove ni mbali. Mji huo uko kilomita 25 hivi kutoka Likasi, nayo Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Reli ilifika Kambove mwaka 1913, na shaba ya huko imesafirishwa kwa zaidi ya karne moja. Fundi umeme kijana wa Kambove anayetaka kuhudhuria jioni moja mjini hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na pia malazi, kwa sababu usiku hakuna wa kumrudisha. Akiwa msichana, hiyo saa ya usiku peke yake inatosha kumzuia. Akifika, anakuta watu waliosoma darasa moja wakisalimiana.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Mazungumzo juu ya fedha hizo huelekea kwenye madarasa, visima na vituo vya afya, na mahitaji hayo ni ya kweli. Ila mkutano wa mchana pale pale Kambove, ambapo idara za manunuzi zinataja zitakachonunua mwaka ujao na hati zinazotakiwa, hauhitaji hata kusubiri fedha hizo. Unahitaji gari moja la kampuni kutoka Lubumbashi, na magari hayo hupita barabara ya Likasi kila siku.