NANI ALIYEIBANDUA RANGI?



Kila rangi ikibanduka mabwana huwa na jibu moja tu: fundi ni mvivu, hakusugua kutu. Jibu hili ni jepesi, tena lina faida, maana baada yake mshahara hukatwa na Bwana Meneja hulala usingizi. Sisi wapaka rangi twasema kwamba mara nyingi jibu hili ni la uongo.

Mwaka 2023 tulikuwa watu sita juu ya tangi la maji hapa Mombasa. Kampuni hatuitaji, wenyewe wanajijua. Tangi lilikuwa na rangi ya miaka mingi, mkono juu ya mkono, imekauka kama kigae. Tuliamriwa tusiitoe, tusugue kwa brashi ya waya pale penye kutu tu, kisha tupake ipoksi. Kopo liliandikwa mikono miwili, na saa za kungoja katikati. Nyapara akasema, "Saa hizo hatuna. Pakeni mkono mmoja mzito, ni sawasawa." Tukapaka. Baada ya majuma machache rangi ikapasuka, ikatoka vipande vikubwa kama sahani, yetu ikiwa juu na ya zamani imeng'ang'ania chini yake, chuma kikabaki uchi. Wote sita tukakatwa robo ya mshahara.

Sasa sikilizeni. Rangi inapokauka haikai kimya. Thina inaruka, dawa mbili za ipoksi zinashikana, na rangi yataka kunywea pande zote. Lakini chuma kilicho chini hakinywei. Basi rangi hubaki imevutwa. Mwenye kuwamba ngoma alijua jambo hili zamani: ngozi huwambwa ikiwa mbichi, na ikikauka hujivuta mpaka inalia ukiigusa. Rangi ni ngozi hiyo, ila haina vigingi. Kigingi chake ni mshiko wake tu kwa kile kilicho chini. Rangi yang'aa, Meneja anatabasamu, na huku ndani inavuta usiku na mchana.

Haya si maneno ya vibarua peke yao. Mwaka 1909 huko Uingereza mtu aitwaye Stoney alitandaza nikeli kwa nguvu za umeme juu ya kipande chembamba cha chuma, upande mmoja tu, na chuma kikapinda chenyewe. Kilichokipinda ni mvuto uliokuwa ndani ya ile nikeli. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na nyapara wetu bado hajapata habari.

Tena wataalamu wamepiga hesabu ya unene. Rangi yenye mvuto ule ule, ukiifanya nene mara mbili, nguvu iliyojificha ndani yake ya kujibandua nayo huwa mara mbili. Na mshiko wa chini? Haukuongezeka hata chembe. Zaidi ya hayo, mkono mzito hukauka juu kwanza na kufungia thina chini, nayo hutoka polepole, rangi ikinywea wakati imekwisha kuwa ngumu. Basi aliyesema "mmoja mzito ni sawasawa" ndiye aliyeibandua rangi, ingawa brashi ilikuwa mkononi mwetu.

Na ile rangi ya zamani? Ilikuwa imeshika kwa shida, lakini ilishika, kwa kuwa hakuna aliyeivuta. Mkono mpya ulipokauka juu yake ukaivuta, nayo ikaachia chuma. Kisha lipo jua letu. Chuma cha mita 10 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kama milimita 3 na nusu. Ipoksi yataka kurefuka mara kadhaa kuliko hivyo, na mvua ya ghafula ikipiga tangi la moto, yataka kurudi kwa kasi kuliko chuma. Siku nyingi namna hiyo, ufa mdogo huwa mkubwa.

Hatusemi kwamba hakuna fundi mzembe. Wapo, na wanatuharibia jina. Rangi iliyopakwa juu ya mafuta, vumbi au chumvi ya bahari itatoka, hata iwe nyembamba. Lakini kosa lina alama yake. Geuza kipande kilichotoka utazame mgongo wake. Ukiona kutu na vumbi, usafishaji ulikuwa mbaya, na hapo tuulizane nani aliyekataza kupiga mchanga. Ukiona mgongo safi, na kipande kimejikunja kwa juu kama jani kavu, hapo ni mvuto. Kutazama huku ni kazi ya dakika moja. Kwa nini hakufanywi kabla ya kukata mshahara?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kosa la kusudi! Kutii amri ya nyapara ni kusudi la nani?

Twataka karatasi ya maagizo ya rangi isomwe mbele ya mafundi kwa Kiswahili kabla kopo halijafunguliwa. Twataka kile kichana cha kupimia unene wa rangi mbichi kiwe mfukoni mwa fundi, si kabatini ofisini. Na nyapara akitaka kupunguza mikono au saa za kungoja, aandike amri yake na atie sahihi. Tutaona ni wangapi watakaotia.

Mwanachama aliyekatwa mshahara kwa rangi kubanduka aje ofisi ya tawi Jumamosi asubuhi na hati yake ya mshahara. Kipande cha rangi asikitupe. Akifunge katika karatasi, aandike tarehe na mahali kilipotoka, aje nacho.