Gari moja, sheria mbili: na sisi tuliandika sharti gani?

Najua hapa tumezoea hoja za katiba na uchaguzi, na mimi ni muuguzi tu, si fundi wala mwanasiasa. Lakini hoja yangu ya leo ni ya siasa pia, ingawa imeanzia kwenye gari.

Mdogo wangu wa mwisho yuko Dar, ana miaka 26. Mwezi uliopita alinitumia picha ya Toyota Altezza inayouzwa Tabata, akaniomba nimwongezee hela. Nikamwambia mbona gari hilo hata huku Leicester lipo, mwenzangu wa wodini anakuja nalo kazini, linaitwa Lexus IS200. Akanicheka. "Dada, hilo lenu ni la kuendea kanisani. Hili ni la Japani yenyewe, SXE10!"

Nikaenda kusoma, maana sipendi kuchekwa bila kujua kosa langu. Kwa upande mmoja dogo yuko sahihi. Altezza ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998. Yenye namba SXE10, yaani RS200, ilikuwa na injini ya silinda 4 yenye nguvu za farasi 210 ikiwa na gia sita za mkono. Injini ile haikuwekwa kwenye Lexus iliyouzwa nje. Sisi wa Uingereza tuliletewa silinda 6 ya farasi 155. Bodi ni ile ile, jina tofauti, moyo tofauti. Wajapani wenyewe hawakuuziwa kitu kinachoitwa Lexus kwao mpaka mwaka 2005.

Lakini vijana wetu wametoka hapo wakajenga imani kwamba gari la spoti la soko la ndani la Japani siku zote ni bora, na la nje limechakachuliwa. Hapo nawapinga. Tazameni Supra iliyotoka mwaka 1993. Ya Japani iliandikwa farasi 280, ya Marekani ikaandikwa 320. Ya nje ndiyo ilikuwa na nguvu zaidi, na turbo zake zilikuwa za chuma badala ya zile za kauri za Japani, ambazo hazivumilii kusukumwa sana.

Na kwa nini 280? Kwa sababu kuanzia mwaka 1989 viwanda vya Japani vilikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba hakuna atakayetangaza zaidi ya farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu mpaka mwaka 2004. Nissan Skyline GT-R ya mwisho, ile R34, kwenye karatasi ni 280, lakini waliozipima walikuta zaidi ya 300. Tena magari ya ndani yaliwekewa kidhibiti mwendo cha kilomita 180 kwa saa. Likivuka bahari, jambo la kwanza fundi analoombwa ni kukitoa.

Chukueni na Subaru Impreza. Miaka ile ya mwisho ya tisini, WRX STI ya Japani ilikuwa na farasi 280, wakati ile ya turbo iliyouzwa rasmi Uingereza ilikuwa na kama 210. Kijana anasema tumeibiwa. Hasemi kwamba ile ya Japani ilitengenezewa petroli ya Japani ya okteni 100, na kwamba petroli ya kawaida ya hapa Uingereza ni 95. Ukiijaza petroli hafifu na kuikanyaga, injini inagonga mpaka pistoni inapasuka. Ya Uingereza haikupunguzwa kwa dharau, ilipimwa kwa mafuta ya hapa.

Sasa mnaona hoja yangu inakoelekea. Kiwanda hakitengenezi gari kwa mapenzi. Kinatengeneza kulingana na sheria, mafuta na barabara za anayenunua. Marekani walipitisha sheria mwaka 1988: gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao lisubiri mpaka litimize miaka 25. Ndiyo maana R34 ya kwanza, ya mwaka 1999, iliweza kuingia huko kwa njia hiyo mwaka 2024 tu. Uingereza hawakuzuia, ila gari la Japani lazima lisome mwendo kwa maili na liwe na taa nyekundu ya ukungu nyuma. Kila mmoja aliandika sharti lake.

Sisi tuliandika nini? Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaliruhusu ila inalitoza kodi ya uchakavu. Ukaguzi upo, sikatai. Lakini kwa kweli sisi hatupati gari la soko la ndani wala la soko la nje. Tunapata la ndani baada ya mwenyewe kumaliza nalo. Mpaka redio inatuambia hivyo: imewekewa masafa ya Japani yanayoanzia 76, stesheni nyingi za kwetu haizikamati. Redio si tatizo, utanunua nyingine. Tatizo ni lile lisiloonekana.

Hapa naongea kama muuguzi. Mtakumbuka sakata la mifuko ya hewa ya Takata. Kemikali inayoufumua mfuko iliharibika polepole kwa joto na unyevu. Gari likigonga, kopo la chuma linapasuka na vipande vyake vinamchoma dereva shingoni na usoni. Watu walikufa Marekani, walikufa Malaysia. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kurekebishwa, pamoja na ya spoti kama Impreza na Mazda RX-8, na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Joto na unyevu, ndugu zangu! Hiyo si Dar? Si Mombasa, Tanga na Unguja?

Mwenye gari Marekani alipata barua nyumbani. Mwenye gari Japani alitengenezewa bure. Aliyenunua mtumba kutoka Japani hakuandikiwa na mtu. Hata akiingia kwenye tovuti ya Marekani kujitafuta hajioni, kwa sababu gari la soko la ndani la Japani halina ile namba ya tarakimu na herufi 17, lina namba fupi ya chesisi.

Wodini kwetu, kabla sijampa mgonjwa dawa nasoma namba iliyo kwenye mkono wake, hata kama nimemhudumia wiki nzima. Namba ya chesisi ndiyo kitambaa cha mkononi cha gari. TRA wanayo ya kila gari lililosajiliwa, na NTSA wa Kenya vile vile. Wanazitumia kukusanya kodi na ada. Kwa nini zisitumike kumwambia mwananchi kwamba gari lake liliitwa huko lilikotoka?

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kwanza, ukaguzi wa magari ya mtumba uulize swali moja zaidi kabla gari halijapanda meli: je, liliitwa, na lilitengenezwa? Likiwa bado Japani matengenezo hayo ni bure. Likishavuka bahari, mzigo ni wako. Pili, kwa yaliyokwishaingia, serikali zetu zikae na viwanda na orodha za chesisi mezani. Tatu, sisi tunaotuma hela tuache kuuliza farasi wangapi kabla ya kuuliza namba. Tovuti ya Toyota ya Japani ina mahali pa kuiingiza. Imeandikwa Kijapani, lakini siku hizi tafsiri ipo kwenye simu.

Mdogo wangu nimemwambia hela ipo, ila sitoi senti mpaka niione namba ya chesisi. Alinuna siku tatu. Jana usiku ameituma.

Naomba kuwasilisha.