Serikali Itoe Hesabu ya Kazi, Orodha za Vyuo Tumechoka Nazo

Orodha ya Webometrics ikitoka tu, vyuo vyetu huanza kutambiana magazetini: huyu wa kwanza Kenya, yule kapanda Afrika. Orodha hiyo hupima jinsi tovuti ya chuo inavyoonekana kwenye intaneti na tafiti zake zinavyonukuliwa. Haimuulizi mhitimu wa biashara kama ana kazi. Kumpa mzazi wa Kizingitini, anayesomesha kwa pesa za kamba na kusikia habari za ajira tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, nambari hiyo kama sababu ya kumpeleka mwanawe Nairobi ni kumpotosha.

Watetezi wa orodha hizi husema utafiti ndio roho ya chuo kikuu. Sawa. Husema pia kwamba gazeti la Financial Times hupima mishahara ya wahitimu wa uzamili wa biashara, miaka mitatu baada ya kumaliza. Kweli, lakini wengi wao walikuwa na kazi kabla ya kuingia darasani. Kijana wa shahada ya kwanza hayumo.

Kinachoniudhi ni kwamba takwimu tunazozihitaji zipo. HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa 1995, inajua nani alikopa, alisoma nini na wapi. Akiajiriwa, mwajiri analazimika kisheria kumkata mshahara na kupeleka makato huko. KRA, mamlaka ya kodi, nayo hupokea kodi ya mshahara huohuo. Serikali basi yaweza kuhesabu, kozi kwa kozi na chuo kwa chuo, wangapi wameajiriwa na kwa mshahara gani, bila kutaja jina la mtu. Marekani imekuwa ikichapisha mapato ya wahitimu waliosomeshwa kwa msaada wa serikali tangu 2015. Kwetu, tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, humwonyesha mwanafunzi alama za kuingilia na gharama ya kozi, halafu kimya.

Nitaambiwa waliojiajiri hawaonekani kwenye makato, na kwamba mwajiriwa wa Mokowe, Lamu, hulipwa chini ya mwenzake wa Westlands, Nairobi. Basi waliojiajiri waulizwe, na hesabu zitenganishwe kwa kaunti. Hiyo ni kazi ya ziada, si udhuru. Bodi inayomtoza mhitimu faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi akichelewa kulipa haiwezi kudai kwamba haina habari zake. Inazo, na inazitumia kumdai. Mdogo wake aliyeko Faza au Siyu, anayechagua kozi mwaka huu, ana haki ya kuzisoma kabla naye hajatia sahihi mkopo.