Bibi harusi asiyekula ngano naye ana haki ya ghala lake



Kuna maneno mawili tumechoka kuyasikia. La kwanza: "Ugonjwa wa kukataa ngano ni wa Wazungu." La pili: "Onja kidogo tu, hutakufa." Husemwa kwa mapenzi, na mama mkwe, na wifi, hata na somo anayemfunda bibi harusi. Lakini yanaumiza watu, na leo tunayajibu sisi tunaoishi Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, katikati ya ngano yenyewe.

Huku ngano si kitu cha dukani tu. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima mashamba makubwa saba kuzunguka Basotu, takriban ekari 100,000, kwenye ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakichungia mifugo yao. Tangu hapo ukitaja Hanang umetaja ngano. Kwa hiyo tunajua ugumu wa kumwambia mtu, "Samahani, sili chapati."

Gluteni ni ile protini inayofanya donge la ngano livutike. Imo pia katika shayiri. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, mwili wake hushambulia utumbo wake mwenyewe. Chakula hakinyonywi vizuri, damu hupungua, tumbo huharisha au hujaa, na wanawake wengine hutatizika hata kushika mimba. Tiba yake ni kuiacha kabisa maisha yote, na hicho "kidogo tu" kinadhuru. Anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa damu, maana kipimo kinaweza kuonyesha hana ugonjwa ilhali anao.

Wengine huja na hoja ya dini: talbina ya shayiri ni sunna, vipi uikatae? Dada, sunna haikuja kumdhuru mja. Anayeumizwa na shayiri ana udhuru, na hana haja ya kumwomba mtu radhi.

Sasa tugeukie wafanyabiashara. Mwanamke akishajulikana haliki ngano, huuziwa pakiti za unga kutoka nje kwa bei ya dhahabu. Kwa nini? Chakula kisicho na gluteni ni mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, muhogo na viazi. Hanang na Mbulu kuna mahindi, mtama, maharage, mbaazi, dengu, alizeti ya mafuta na vitunguu saumu. Mchele tunaupata Magugu, jirani zetu wa Babati. Nanyi wa visiwani mna mkate wa kumimina, vibibi na vitumbua vya mchele tangu enzi za mabibi. Ulizeni tu kama muuzaji hakuongeza ngano. Boko boko, kaimati na sambusa ndivyo vya kuepuka, na urojo uulizwe umekorogwa kwa unga gani.

Mbona tunasisitiza ghala? Kwa sababu jirani akiishiwa, huazima kikombe cha unga nyumba yoyote. Huyu hawezi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliingia Katesh na vijiji vya karibu, na zaidi ya watu 80 walifariki, Allah awarehemu. Katika maafa chakula cha haraka popote pale ni mkate na biskuti. Mwenye siliaki ale nini siku hiyo?

Tunaambiwa kuweka akiba ni upungufu wa tawakkul. Si kweli. Nabii Yusuf, alayhi salaam, aliwashauri watu wa Misri waiache nafaka ndani ya masuke yake kwa ajili ya miaka ya ukame. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Kilichokatazwa ni ihtikari, kufungia bidhaa ili watu wadhikike na bei ipande. Magunia mawili ya familia si ihtikari.

Na ni mawili kweli. Mtu mmoja tukimkadiria nusu kilo ya nafaka kwa siku, mume na mke watakula kama kilo 180 kwa miezi sita, yaani magunia mawili ya kilo 90. Weka punje, usiweke unga, kwani unga huchacha upesi. Ulezi ukikauka hukaa miaka. Mahindi yajaribu kwanza: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani, juu ya turubai na si chini. Usilipuuze hili: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Kisha tumia mifuko ya tabaka tatu, ile yenye plastiki mbili ndani, uifunge kila moja vizuri. Dumuzi hukosa hewa akafa bila dawa.

Khatari kubwa zaidi ni mashine. Iliyosaga ngano asubuhi itakupa unga wenye ngano mchana. Tafuta isiyosaga ngano kabisa, au twanga na usage mwenyewe nyumbani. Na kiroba kilichobeba ngano kisibebe mtama wako, hata kikung'utwe vipi.

Kwa hiyo, mama wakwe na masomo, tunasema wazi. Kwenye kicheni pati tunashindana kwa seti za sahani zitakazokaa kabatini, kisha tunamkabidhi mgonjwa kiroba cha unga wa ngano na kumwita mdekaji akikataa. Hiyo si zawadi. Mpeni magunia mawili, mifuko ya tabaka tatu na kinu chake. Na bwana harusi aulizwe kabla ya nikahi: mkeo haliki ngano, jiko lako litamtunza? Chakula cha mke ni wajibu wa mume, si hisani.

Allah awape afya wagonjwa wetu na atie baraka katika maghala yetu. Aamin.