Kwenye Kuta Zetu 2Pac Yupo, Bibi Aliyetuzalisha Hayupo

Leo tuongee kuhusu sura zilizoko kwenye kuta zetu.

Juzi nilikuwa saluni moja hapa Ngara mjini nasubiri zamu yangu ya kunyoa. Ukuta wa nje kachorwa 2Pac na kitambaa chake kichwani, ndani yupo Diamond. Kazi safi kabisa, na aliyechora ni kijana wa hapa hapa, hajasomea popote. Mara akaingia bibi mmoja anatafuta pa kuchajishia simu. Ghafla kiti kikawa wazi, shikamoo zikatoka kila kona. Kinyozi akaninong'oneza: "Huyu ndiye kanizalisha mimi. Na yule pale. Na yule." Kumbe kabla hajastaafu alikuwa mkunga wa zahanati.

Nikaropoka: "Bibi, wewe ndiye ungechorwa pale nje." Akacheka sana. "Mkinichora, watu watajua nimekufa!"

Tulicheka wote, ila lile neno nimerudi nalo nyumbani, maana bibi kasema kweli. Kwetu mtu wa kawaida picha yake inakuzwa siku ya msiba. Inawekwa karibu na jeneza, inachapwa kwenye fulana, na baada ya miezi miwili fulana imeshakuwa ya kwenda shambani. Sura nyingine zinazojaa ukutani ni za mwaka wa uchaguzi, na hizo zinatuomba kitu.

Mimi nasema hivi: wachoraji wetu wachore watu wetu, wachorwe wakiwa hai, na iwe hadharani.

Ngara tunajua hasara ya kutofanya hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, wakajaa Benaco. Wapiga picha wa dunia wakaja. Sebastião Salgado, Mbrazili, alipiga pale picha ambazo zimeingia kwenye vitabu na maonyesho makubwa. Wakimbizi walistahili kuonekana, sibishi. Ila wenyeji waliogawana maji na kuni na wageni wengi kuliko wao, sura zao ziko wapi? Sisi tuliozaliwa baadaye tunasimuliwa tu. Wale wazee wakiisha, hata wa kutusimulia hatutampata.

Jirani zetu Biharamulo hawana tofauti. Mgeni akifika pale anaonyeshwa Boma la Mjerumani, anapiga picha, anaondoka. Mkoloni kaacha ukuta unaomtaja mpaka leo. Zahanati na shule tulizojenga wenyewe kwa michango ya tofali na mchanga, kuta zake zinamtaja nani?

Kuna mtu atasema mashujaa wetu wanajulikana. Wanajulikana wachache. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani pale Bukoba, watu 19 walifariki na 24 wakapona. Nchi nzima ikamjua Majaliwa Jackson, mvuvi aliyewahi na kasia kusaidia kufungua mlango, mpaka serikali ikampa kazi Zimamoto. Safi sana, alistahili. Lakini siku ile simu na kamera zilikuwepo. Mkunga anayekesha na mjamzito kijijini kwa mwanga wa tochi, nani anamrekodi? Bodaboda anayembeba mgonjwa usiku wa mvua na kuambiwa "nitakulipa kesho", je?

Najua hofu yenu nyingine: tukifungua huu mlango, wakubwa watajichora wenyewe. Ndiyo maana nasema tuweke masharti. Mtu apendekezwe kwenye mkutano wa kijiji, watu wamsikie kafanya nini. Anayetafuta kura asubiri. Mwenye sura aombwe ruhusa kwanza, akikataa basi. Na mchoraji alipwe! Hili nalisisitiza, maana kwetu ukijua kuchora unaambiwa "tusaidie tu, utajulikana". Kujulikana hakununui rangi ya mafuta, na rangi ya kubahatisha mvua za huku haimalizi nazo mwaka.

Ufundi upo. Yule kijana wa saluni kanionyesha: anapiga mistari ya viboksi juu ya picha, anaikuza ukutani kiboksi kwa kiboksi. Nimemuuliza kama kashawahi kuletewa oda ya mtu wa Ngara. Kasema ndiyo, mara moja, na alikuwa marehemu.

Kuta nazo zipo. Shule zetu za msingi zina ramani ya Tanzania na mchoro wa utumbo, watoto wanaviona kila siku. Pembeni ya ramani achorwe mwalimu aliyefundisha pale miaka thelathini. Mtoto ajue kwamba hapa hapa kijijini mtu anaweza kuishi maisha ya kuheshimiwa bila kuwa staa.

Bibi nimerudi kumuuliza tena. Kasema anafikiria, ila akikubali achorwe na kitenge chake cha sikukuu, sio zile nguo za kutafutia chaji.

Haya wadau, zamu yenu. Mtaani kwako ungemchora nani? Jina usiweke bila ruhusa yake, tuambie tu alichofanya.