MBWA WETU WA DEPO



Wote tunamjua mbwa mdogo mwekundu wa santineli. Ni yeye anayemaliza panya kwenye depo ya maharagi na unga. Anafanana na wale mbwa wa pori la Ituri ambao Wambuti huwafunga kengele ya mti wakiwinda, maana hawabweki. Mwaka 1895 Waingereza walionyesha wawili kule London, wakawaita terrier wa Congo. Na sisi hapa Butembo? Tunamtupia mawe!

Juma lililopita mdogo wetu wa darasa la saba alimvuta mkia, aking'atwa mkono. Tukamupeleka hospitali. Wengi wakapiga kelele: auawe! Sisi wa mwaka wa mwisho tunasema hapana. Akiuawa, tutajuaje kama alikuwa mgonjwa? Afungwe siku 10, apewe chakula, aangaliwe vizuri.

Kisha tunaomba mambo matatu. Moja, makombo ya bugali yawekwe kwenye sahani yake, na maji, bila mifupa ya kuku. Mbili, kila mmoja atoe kidogo, veterineri amchanje; kichaa cha mbwa kikisha kuanza, hakina dawa. Tatu, anayeng'atwa asifiche: aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku ile ile.

Jioni ya leo tusome Mithali 12:10, kila mtu ajiulize kama ni mwenye haki.