Hedifoni za Kuzungumza na Walio Mbali

Mama zangu, mwenye mwana Muscat au Doha, azungumzaye naye kwa kompyuta, asitegemee spika. Sauti ya mwana itokapo humo huingia tena katika maikrofoni, naye akasikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe. Tena waliomo ukumbini wote husikia, ilhali mazungumzo ni amana. Huenda ana dhiki asiyotaka ijulikane na wageni.

Tafuteni hedifoni zenye kijiti cha maikrofoni kifikacho karibu na mdomo. Zile za simu, zenye pini moja, zikitiwa katika kompyuta yenye matundu mawili, mtasikia lakini hamtasikika. Za USB huondoa taabu hiyo. Zisizo na waya nazihofia: betri huisha mwana angali na neno. Mwenye mtoto mchanga achukue za sikio moja, apate kumsikia akilia.